Kabla hujaambiwa mazabodi imekufa

Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, kibodi nayo inamulika kidogo inapopata umeme. Kioo tu ndicho cheusi. Katika stesheneri ya mji wa wilaya, ambako kompyuta moja ya mezani ndiyo inayochapa barua za maombi ya kazi, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na kutoa picha za pasipoti, weusi huo ni siku nzima bila mauzo. Mwenye duka hulibeba sanduku hadi kwa fundi, monita na kebo akiziacha mezani. Jioni hupigiwa simu: "Mama, mazabodi imekufa hii. Tafuta tu mashine nyingine."

Inawezekana fundi anasema kweli. Mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu ndani ya sanduku, hufa kweli. Lakini inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa. Kwa kompyuta iliyokwisha kula miaka kumi au zaidi, kati ya swichi ya ukutani na hiyo mazabodi kuna vitu vingi vidogo vinavyoweza kuzima picha, na vingi ni vya bei ndogo. Anayejua mpangilio wa kuvipima huokoa fedha. Asiyejua hununua mashine ya pili kwa sababu ya vumbi.

Na mashine hizi zinastahili kutetewa. OptiPlex za Dell, Compaq za HP na ThinkCentre za Lenovo zinazouzwa kwa mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, zilibuniwa kwa ajili ya ofisi, zifanye kazi mchana kutwa. Vifuniko vya nyingi hufunguka kwa kuvuta komeo tu. RAM, vile vibao vya kumbukumbu, na diski hutoka bila kuhangaika. Ndizo zinazoshikilia ofisi za shule, zahanati na parokia nyingi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kuongeza mashine nzima juu ya lundo hilo kwa uvivu wa kupima ni jambo la kuudhi.

Zilizotoka Marekani zina mtego wake. Umeme wa majumbani kule ni volti 120, huku kwetu 230. Pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, yenye alama 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha mashine ikachomekwa kwenye umeme wetu, unasikika mlipuko, harufu ya kuungua inatoka, na pawasaplai imekwisha. Kwa hiyo siku ya kununua, angalia swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kisha bandika utepe juu yake ili mkono wa mtoto au wa mfagiaji usiisogeze.

Sasa turudi kwenye kioo cheusi. Uchunguzi huanza na swali moja: kilichonyamaza ni monita au ni sanduku? Jibu halihitaji bisibisi. Chomoa kebo ya picha nyuma ya sanduku, acha monita kwenye umeme, iwashe. Monita nzima itaandika kwamba haipati mawimbi au kwamba kebo haijachomekwa. Za Dell hutoa kisanduku kidogo chenye rangi kinachotembeatembea kwenye kioo. Ukiona maandishi hayo, monita imejitetea, na lawama inahamia kwenye kebo au sanduku. Usipoona kitu na taa yake haiwaki, badilisha waya wa umeme. Mara nyingi waya wa monita na wa sanduku ni wa aina moja, hivyo waya wa kujaribia unao tayari.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo inayowadanganya wengi. Picha inaonekana kwa sekunde moja au mbili, kisha giza, ingawa taa ya monita inaendelea kuwaka. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu na umulike kioo kwa karibu kabisa, kwa pembeni. Ukiona herufi na madirisha hafifu ndani ya giza, picha ipo; kilichokufa ni mwanga wa nyuma yake. Monita bapa za kabla ya LED kuenea huangazwa na mirija myembamba ya aina ya taa za fluoresenti, na mirija hiyo inahitaji mamia ya volti, zinazotengenezwa na bodi ndogo iitwayo inveta. Mrija mmoja ukichoka, au kapasita za bodi hiyo zikivimba, mfumo wa ulinzi hukata mwanga. Kazi hii mpelekee fundi wa televisheni, maana anaifanya kila siku. Mirija hiyo ina zebaki kidogo, kwa hiyo isivunjwe wala kutupwa ovyo. Monita za chogo zenyewe zisifunguliwe kabisa na asiye fundi: ndani yake kuna volti zinazozidi elfu ishirini, na chaji inaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Kebo nayo ina lugha yake. Ile ya VGA, yenye pini katika safu tatu, ilianza na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, na hadi leo ndiyo inayokutwa nyuma ya mashine nyingi za mtumba. Ndani yake nyekundu, kijani na buluu husafiri kila moja katika njia yake, na njia nyingine mbili hubeba mapigo yanayoiambia monita mstari uanzie wapi na picha nzima ianzie wapi. Sehemu nyeupe za picha zikigeuka manjano, buluu imekatika. Zikiwa na rangi ya zambarau iliyoelekea waridi, kijani hakifiki. Zikigeuka samawati ya kijani, nyekundu ndiyo iliyopotea. Hapo usikubali kuuziwa kadi ya picha kabla ya kujaribu kebo nyingine, kwa sababu mara nyingi ni pini iliyopinda au waya uliokatika ndani, hasa pale shingoni ambapo watu hushika na kuvuta. Njia ya mapigo ikikatika, monita hulala kana kwamba hakuna kompyuta duniani. Usishtuke ukikuta pini moja haipo katika safu ya kati: kebo nyingi hutengenezwa bila pini ya 9.

Angalia pia kebo imechomekwa wapi. Sanduku lenye kadi ya picha ya ziada lina matundu ya picha mahali pawili: moja karibu na matundu ya USB, jingine chini kwenye kadi. Mashine nyingi zikiona kadi hulizima tundu la mazabodi. Mtu akifagia, akachomoa kebo na kuirudisha kwenye tundu lisilo lake, kioo kinabaki cheusi huku kompyuta ikifanya kazi vizuri kabisa.

Na kama nembo ya kampuni inaonekana ukiwasha, kisha giza linaingia Windows inapoanza, usifungue sanduku. Vifaa vimeonyesha kwamba vinaweza kutoa picha. Shida inaelekea kuwa kwenye draiva au kwenye mipangilio. Hutokea mtu akahamishia kompyuta kwenye monita ndogo ya zamani, nayo ikakataa ukubwa wa picha isioumudu. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mara kadhaa mara tu baada ya kuwasha, chagua kuanza katika hali salama, kisha punguza ukubwa wa picha. Hakuna shilingi inayotoka mfukoni.

Giza likiwa la tangu mwanzo, na monita na kebo vimeshapimwa, ndipo sanduku lifunguliwe. Chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki itoke, kisha shika chuma cha sanduku kabla ya kugusa bodi. Utakuta vumbi. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, kuna adui wa pili: hewa ya chumvi na unyevu, ambayo kwa miaka huacha utando mwembamba kwenye meno ya RAM. Jino moja tu likikosa mgusano, kompyuta haiwezi kuanza, na isipoanza haina picha ya kutoa. Feni itazunguka, taa itawaka, na mwenye mali ataapa kwamba mashine inawaka ila kioo ndicho kibovu.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu huanza na RAM. Huitoa, huyasugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, hupangusa makombo na kuirudisha hadi vishikio vya pembeni vikae sawasawa. Zikiwa mbili, hujaribu moja moja, tena katika kila tundu. Kazi yote haizidi robo saa.

Mashine yenyewe nayo husema, tukiipa nafasi. Kompyuta nyingi za ofisini zina spika ndogo ndani. Toa RAM zote, kisha iwashe. Ikipiga milio ya kulalamika, furahi, kwa sababu prosesa na mazabodi ndizo zilizotambua kwamba RAM haipo. Mazabodi iliyokufa hailalamiki. Kwenye BIOS (programu ya mwanzo ya mazabodi) za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni shida ya picha. OptiPlex nyingi zina taa nne zenye namba 1 hadi 4, na mpangilio wa zinazowaka na zilizozima hutaja sehemu yenye tatizo. Maana zake zimo katika kitabu cha modeli husika. Fundi anayetoa hukumu bila kusikiliza milio wala kusoma taa hizo hajachunguza kitu.

Betri ndogo ya CR2032, ya volti 3, isisahaulike. Hutunza saa na mipangilio ya mashine umeme ukiwa umezimwa. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka, na kwenye baadhi ya mazabodi mipangilio huvurugika kiasi cha kuifanya mashine igome kuanza. Itoe umeme ukiwa umechomolewa, ngoja dakika chache, weka mpya.

Ni baada ya hayo yote ndipo macho yahamie kwenye mazabodi yenyewe, na hapa kuna historia ambayo kila mnunuzi wa mtumba angefaa kuijua. Karibu na prosesa kuna vikopo vidogo vya alumini vilivyosimama wima. Hizo ni kapasita za elektroliti, na kazi yake ni kuusawazisha umeme unaokwenda kwenye prosesa, ambayo haivumilii mtikisiko. Vichwani zina mikato, iliyowekwa makusudi ili gesi ikizidi itokee hapo. Nzima ina kichwa bapa. Mbovu huvimba kichwa, hupasuka kwenye mikato, au huvuja ute wa kahawia unaokauka juu yake na kwenye bodi.

Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu kwa idadi kubwa ziliingia katika kompyuta za makampuni mengi. Chanzo hakikuwa kimoja kwa kila kiwanda, lakini mwisho ulifanana: gesi ndani ya kikopo, kichwa kuvimba, mashine kugoma. Dell iliumia zaidi kwa OptiPlex GX270 na GX280, na mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza na kubadilisha. Mwaka 2007 kampuni moja iliyokuwa mteja wake iliifungulia kesi nchini Marekani. Nyaraka za kesi hiyo zilipowekwa wazi mwaka 2010, zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell ilikuwa imesafirisha kwa wateja mashine milioni 11.8 zilizokuwa hatarini. iMac G5 za Apple nazo hazikupona. Makampuni tajiri yenye mafundi wao wenyewe yaliletewa mashine zenye kasoro ndani, na wakati mwingine yaliambiwa kwamba kosa ni la matumizi yao. Mwenye stesheneri anayelaumiwa kwamba "umeitumia vibaya" asikubali haraka.

Mashine za 2003 zimepungua sokoni, lakini kapasita yoyote yenye kimiminika huzeeka. Wahandisi hutumia kanuni rahisi: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Weka sanduku lililojaa vumbi, lenye feni iliyochoka, chini ya meza katika duka la bati mjini Tanga mwezi Januari, na umri huo unakwisha huku kazi zikiendelea kama kawaida. Dalili za mwanzo huonekana kwenye kioo: mashine inagoma asubuhi ikiwa baridi, inakubali ukiwasha mara ya tatu, kisha inafanya kazi vizuri mchana kutwa. Wengi huzoea hali hiyo, wakaacha hata kuizima usiku. Hiyo ni mashine inayoomba kapasita.

Na kapasita hubadilishwa. Fundi mwenye mkono mtulivu anayejua kulehemu anaimudu kazi hiyo. Mpya iwe na uwezo uleule, tuseme maikrofaradi 1000 kwa 1000. Volti zake zilingane na za zamani au zizidi kidogo. Iandikwe nyuzi 105, isiwe ya 85. Na iwe ya aina yenye ukinzani mdogo, inayotengenezwa kwa ajili ya kazi ya namna hii. Mstari ulio ubavuni huonyesha upande hasi, na ukigeuzwa, kapasita hupasuka. Kung'oa za redio kuukuu na kuzipachika kwenye mazabodi ni kumwibia mteja muda, kwa sababu hazikutengenezwa kwa mzigo ule.

Kapasita kama hizo zimo pia ndani ya pawasaplai. Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba umeme uko sawa. Feni huridhika na umeme ambao prosesa inaukataa. Maltimita, kile kipimo cha umeme, humaliza ubishi. Kwenye pawasaplai ya kawaida ya ATX, mashine ikiwa imewashwa, waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa karibu na 3.3. Fundi asiye na maltimita mezani hawezi kujua hilo, hata awe na kipaji gani.

Kadi ya picha ya ziada, kama ipo, itolewe na kebo irudishwe kwenye tundu la mazabodi. Picha ikirudi, mbovu amepatikana. Hapa naonya juu ya mtindo mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, viwanda vilihamia kwenye lehemu isiyo na risasi, na viungo vidogo chini ya chipu vinaweza kupasuka kwa joto na ubaridi wa kila siku. Baadhi ya mafundi huipasha kadi hiyo kwa bloa ya moto, wengine hata kuiweka ndani ya oveni. Mara nyingi hurudi uhai kwa muda, kisha huzima tena. Kumtoza mtu kwa kazi hiyo kana kwamba ni ya kudumu ni dhuluma.

Kwa nini basi "mazabodi imekufa" inatamkwa haraka hivyo? Sidhani kwamba mafundi wetu ni waongo. Wengi wamejifunza kwa macho na mikono, pembeni mwa fundi mwingine, na nimeona kati yao watu wenye akili kali ya kugundua. Tatizo ni namna tunavyowalipa. Mteja wetu hulipia kifaa. Fundi akikaa saa mbili anapima, akagundua kwamba RAM ina utando, akaisugua kwa raba na kioo kikawaka, mteja husema, "Kumbe umefuta tu? Shika hii ya soda, fundi." Fundi huyohuyo akibadilisha mazabodi nzima, hulipwa bei ya kifaa na ya kazi bila ubishi. Baada ya miezi michache ya biashara ya namna hiyo, hata mwaminifu hujua ni jibu gani linalolisha watoto wake. Hospitalini tunalipia vipimo hata majibu yakisema hatuna ugonjwa. Kwa fundi tunaona kipimo ni cha bure.

Kwa hiyo kubalianeni ada ya uchunguzi kabla sanduku halijafunguliwa, na mlipe hiyo ada hata kama dawa imekuwa raba na robo saa. Mpelekee na monita na kebo yako, asichunguze nusu ya tatizo. Mwambie aiwashe mbele yako bila RAM, usikie mwenyewe kama inalia. Kifaa chochote kikibadilishwa, dai kile cha zamani ukishike mkononi, ukiangalie kichwa cha kapasita zake. Na ikithibitika kwamba mazabodi imekufa kweli, usiache sanduku hapo kwa bei ya chuma chakavu: RAM, prosesa na pawasaplai vina wanunuzi. Zaidi ya yote, chukua diski yako. Ina barua, picha na nakala za vyeti vya wateja wako wote, na kioo kuwa cheusi hakumaanishi kwamba nayo imeharibika.